Mtu wa Kati Hana Mkono

Loisi alichovya sponji kwenye rangi, akaigonga mara tatu kwenye ukingo wa sahani ya bati, akaigonga tena mara mbili juu ya gazeti kuukuu, ndipo akaipeleka kwenye kitambaa. Sponji inayodondosha ni sponji ya mvivu. Rangi hupenya chini ya stensili, na mtu uliyemtaka mwembamba anatoka na matege.

Sponji yenyewe ilikuwa kipande cha godoro. Stensili ilikuwa picha ya eksrei iliyosuguliwa kwa jiki mpaka mifupa ikafutika na kubaki plastiki tupu, halafu ikatobolewa kwa wembe, ili rangi ipite penye tundu na kuzuiwa pengine pote. Hakuna duka linalouza kitu hicho. Wagonjwa hutupa picha zao wakipona, na ndugu huzitupa wagonjwa wasipopona, naye Loisi hakuona aibu kuziomba.

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, katika chumba cha uani alichopanga Area D. Mezani palitandazwa joho pana la kitambaa cha marekani, alilolikata mwenyewe na kulipinda kwa sindano ya mkono. Saa nane mchana mgeni rasmi, mama mmoja mheshimiwa, angevishwa joho hilo mbele za watu kwenye uzinduzi wa jengo jipya la kazi za mikono. Na baada ya kuvishwa, kikundi chao cha wanawake watano kingekabidhiwa ufunguo wa kizimba namba saba: ukuta, paa, mlango wenye kufuli. Loisi alikihitaji kizimba hicho kuliko mtu yeyote. Mwenye nyumba wake alikwisha kumwambia kwamba harufu ya rangi inawafukuza wapangaji wa mbele, na kwamba mwisho wa mwezi atamwomba chumba chake. Alisema "nitakuomba," lakini kila mpangaji anaijua maana ya ombi la mwenye nyumba.

Mchoro ulikuwa wa watu watatu wamesimama mstari mmoja. Kule Kolo alikozaliwa, watu hao wamechorwa kwenye miamba tangu enzi ambazo hata bibi wa bibi yake hakuzijua: warefu, wembamba, vichwa vimetanuka kama waliojitwika matita ya kuni. Ila wa Loisi walikuwa na jambo lao. Mtu wa kati hakuwa na mkono wa kushoto.

Wateja waliuliza sana, naye alicheka tu akasema, "Alizaliwa hivyo." Ukweli aliujua yeye na Cecilia, wifi yake, basi. Eksrei ile ilikuwa ya Sila, mumewe Loisi na kaka yake Cecilia, aliyevunja kokoto miaka kumi na minne mpaka vumbi likamjaa kifuani. Alipopigwa picha ya pili, ile ya kwanza haikuwa na kazi tena. Sila mwenyewe, kitandani pale hospitali, alisema, "Kata, mama, isikae bure." Loisi akakaa kando ya kitanda akikata, Cecilia akimkanda kaka yake miguu. Wembe ulikuwa umefika bega la kushoto la mtu wa kati pale Sila alipoacha kupumua. Loisi aliuweka wembe chini, na mkono ule hakuurudia tena. Kwenye kona ya plastiki, mahali ambapo jiki haikufika vizuri, jina bado lilisomeka: SILA MAZENGO.

Tangu siku hiyo Cecilia ndiye aliyekuwa ndugu yake. Loisi alimfundisha kazi yote: namna ya kuacha vidaraja ili vipande vya ndani visidondoke, namna ya kupiga pasi kwa upande wa nyuma ili rangi ishike. Cecilia alijifunza yote isipokuwa uvumilivu. Sponji yake ililowa siku zote. Lakini mdomo wake ulikuwa mkavu na mwepesi, ofisi zote alizijua, kwa hiyo waligawana: Loisi meza, Cecilia makaratasi.

Alipomaliza kundi la kumi na moja la watu watatu, kati ya makundi kumi na nane, rangi ya udongo mwekundu ikaisha. Aliikwangua mpaka sahani ikapiga kelele, akafunga mlango, akashika njia ya mjini kwa miguu.

Shabnam alikuwa ndiyo kwanza anafungua duka la vitambaa aliloachiwa na baba yake. Alimpenda Loisi kwa sababu hakuwahi kurudisha kitambaa akidai kimetoboka.

"Karibu dada Loisi. Rangi imepanda tena, nakwambia mapema usije ukanuna."

"Ninune nini? Nipimie nusu kopo. Leo hata ingekuwa dhahabu ningechukua."

"Kweli leo siku kubwa!" Shabnam alichota rangi, akakigonga kijiko kwenye kopo ili isipotee hata kidogo. "Na nyie mtanijaza kazi. Wifi yako amechukua robota zima la marekani jana, lipelekwe moja kwa moja kizimba namba saba. Na kibao chake kimependeza. Amekileta hapa nikione."

"Kibao gani?"

Shabnam alimtazama, akadhani ni utani. "Si kile cha juu ya mlango? 'Cecilia Mazengo, Mbunifu.' Na wale watu wenu watatu wamechorwa pembeni. Hata yule asiye na mkono yupo."

Loisi alisema, "Ahaa." Alilipa, akachukua kopo lake, akasahau mfuniko. Shabnam akamkimbilia nao mpaka barabarani, akauona uso wake. Alimkabidhi mfuniko kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, karatasi ilikuwa imebandikwa kwa gundi mpya. Kizimba namba saba: Cecilia S. Mazengo, mmiliki na mbunifu. Chini yake, kwa herufi ndogo, neno "vibarua," kisha majina manne. La kwanza lilikuwa lake. Alilisoma mara mbili, kwani mtu akiliona jina lake mahali asipolitegemea hudhani ni la mwingine.

Afisa aliyeshughulikia vikundi aliitwa Geofrey, kijana nadhifu mwenye kitambulisho shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mji huu una adabu; hata anayekuzika ungali hai hukuamkia kwanza. "Mwanangu, kuna makosa kwenye ubao. Kizimba namba saba ni cha kikundi."

"Kilikuwa cha kikundi mama. Mkakaa kikao, mkakubaliana wenyewe. Process yote ilifuatwa." Alivuta faili, akafungua mahali palipowekwa alama, akaligeuza kumwelekea Loisi. "Muhtasari huu hapa. 'Wajumbe kwa kauli moja wamemkabidhi ndugu Cecilia haki zote za ubunifu na umiliki, nao watabaki kuwa vibarua.' Na sahihi zenu hizi."

Sahihi ilikuwa yake. Ile L yenye mkia mrefu aliyofundishwa na masista akiwa darasa la tatu. Akaikumbuka siku yenyewe. Mwezi wa tatu, semina ya ujasiriamali, ukumbi umejaa, Cecilia anapita viti na karatasi yenye mistari mitupu: "Saini hapa wifi, ni mahudhurio, tupate soda." Nani husoma mahudhurio? Katika mji huu wa semina mtu husaini mahudhurio kama anavyonawa mikono kabla ya kula. Karatasi ile ya mistari sasa ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya muhtasari uliochapwa, kana kwamba vilizaliwa pamoja. Kikao chenyewe hakikuwahi kukaliwa.

"Hii ni karatasi ya soda," alisema.

"Mama?"

"Tulisaini tupate soda. Hakuna kikao."

Geofrey alivuta pumzi taratibu, kama mtu aliyefundishwa kuvumilia wananchi. "Mimi naangalia kilicho kwenye faili. Kwenye faili hakuna soda."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Cecilia, kitenge kipya, nywele zimesukwa jana. Alikuwa anakuja kuchukua ratiba. Alipomwona Loisi alisita kidogo tu, hatua moja, halafu akatabasamu.

"Wifi! Joho limekwisha?"

"Cecilia, mimi ni kibarua wako?"

"Aa, wifi, hayo ni maneno ya makaratasi tu. Walitaka jina moja. Wafadhili wanataka sura moja, mtu mmoja wa kuongea naye. Wewe kuongea hupendi. Utakuwa unakaa pale pale, unapiga rangi yako, tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

Alilisema kwa upole, bila kufumba macho, na upole huo ndio uliomchoma Loisi kuliko maneno. Miaka sita wamekula sahani moja. Walimzika Sila wameshikana mikono. Alitaka kulia, akaona hapana, mbele ya huyu kijana na faili lake, hapana. Alifungua mkoba, akatoa stensili iliyofungwa kwenye khanga. Alikuwa haiachi nyumbani kamwe.

"Mwanangu Geofrey, nisikilize. Mbunifu anaujua mchoro wake. Muulize huyu: kwa nini mtu wa kati hana mkono?"

Geofrey alionekana kufurahi kupata jambo la kuuliza. "Haya, dada Cecilia. Kwa nini?"

Cecilia alimtazama Loisi. Kwa nukta moja hivi chumba kile cha hospitali kiliwarudia wote wawili, kitanda, beseni, ile miguu iliyokuwa ikipoa mikononi mwake. Loisi aliona kabisa kwamba anakumbuka. Kisha Cecilia akamgeukia Geofrey.

"Yule ni mwanamke aliyenyimwa haki yake," alisema. "Amesimama katikati ya jamii, lakini hana mkono wa kupokelea. Ndiyo message yangu."

"Aisee," alisema Geofrey, akachukua kalamu. "Hiyo ni nzito. Rudia niandike, MC aisome."

"Anadanganya," Loisi alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo. "Mkono haupo kwa sababu mume wangu alikufa ndiyo naanza kuukata. Anajua. Alikuwepo. Tazama hapa, jina lake hili, hii ni eksrei yake."

Geofrey aliipokea stensili, akaiinua dhidi ya dirisha. Kwenye kona, jina na kipande cha ubavu vikaonekana.

"Sila Mazengo. Huyu ni nani yako, dada Cecilia?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

"Kumbe!" Akaiweka mezani, katikati yao, kwa uangalifu wa mtu aliyeona mwanga. "Basi mama, hapo unajichanganya mwenyewe. Hii ni mali ya marehemu, na Mazengo wa damu ni yeye. Wewe ni Mazengo wa kuolewa. Hayo ni mambo ya familia, kayamalizeni nyumbani. Serikali haiingilii familia."

Ushahidi wake wote ulikuwa mezani pale, nao ulikuwa umemgeuka. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Wake haukuwa mtupu, lakini umelambwa mpaka mfupa. Cecilia alinyoosha mkono kuigusa stensili. Loisi akawahi, akaifunga kwenye khanga yake.

"Joho, wifi," Cecilia alimwambia mlangoni, kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Mimi nikilimalizia rangi itavuja, tutaaibika wote."

Njia nzima aliwaza kulichana lile joho. Aliona kabisa namna marekani inavyochanika, kwa mlio ule mzuri wa moja kwa moja. Lakini alipofungua chumba na kulikuta mezani, makundi kumi na moja yamekauka, kila ukingo umetoka safi, roho ilikataa. Ilikuwa kazi nzuri. Angeichana, nani angeumia? Cecilia angesema wifi amechanganyikiwa tangu afiwe, na watu wangemwamini Cecilia. Siku zote huaminiwa mwenye nywele zilizosukwa.

Alikaa. Akaitandika stensili juu ya ubao wa kukatia, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake.

"Nisamehe, baba," alimwambia Sila, akauweka wembe kwenye bega la kushoto la mtu wa kati, palepale ulipoachwa miaka sita iliyopita.

Plastiki ilikuwa imekakamaa kwa uzee, lakini ilikubali. Mkono ulishuka mrefu, ukapinda kwenye kiwiko, ukaishia kwenye vidole vitatu kama vya wenzake wa Kolo. Alipokitoa kipande kilichokatwa, kidogo kama ganda la karanga, hakujua akiweke wapi. Akakiweka ndani ya Biblia. Kisha akairudia kazi. Makundi saba yaliyobaki yalitoka na mikono yote. Yale kumi na moja ya asubuhi aliyarudia moja moja, akilaza stensili juu ya watu wale palepale walipokuwa, akigonga sponji kwenye tundu jipya peke yake. Sponji kavu, mara tatu kwenye sahani, mara mbili kwenye gazeti. Alilia wakati huo, tena sana, ila aligeuza uso pembeni ili asidondoshee kitambaa.

Alilipiga pasi kwa nyuma, akalikunja upande wa mchoro ukiwa ndani, na saa saba na nusu Cecilia akalipokea mikononi mwake langoni mwa jengo jipya, mbiombio, bila kulikunjua.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Hema, viti vya plastiki, spika inayokoroma, vumbi. Mheshimiwa alikata utepe. Cecilia alikabidhiwa ufunguo, akauinua juu watu wauone. Kisha MC akasoma kutoka kwenye karatasi ya Geofrey, kwa sauti ya kanisani: mtu wa kati hana mkono, naye ni mwanamke aliyenyimwa haki, amesimama katikati ya jamii bila mkono wa kupokelea. Watu wakaguna kwa kuguswa. Joho likakunjuliwa, mheshimiwa akavishwa, akajitazama kifuani.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye macho ya mtu aliyewahi kushona.

"Mbona huyu wangu anao?" aliuliza, na spika ikalipeleka swali mpaka barabarani. "Mikono yote miwili. Huyu naye. Na huyu."

Cecilia alifungua mdomo. Ule mdomo mwepesi, mara ya kwanza Loisi kuuona umekwama. Aliinama, akatazama pindo la joho, akatazama watu, akatafuta mpaka akamwona Loisi safu ya mwisho, na uso ukambadilika rangi. Loisi alihesabu pumzi zake mwenyewe. Moja. Mbili. Ulizeni, aliomba kimoyomoyo. Aulize mtu mmoja tu, nani ameuweka mkono huo.

"Umerudi!" MC alipiga kelele. "Mheshimiwa, mkono umerudi! Leo mwanamke amepata haki yake! Makofi!"

Vigelegele vikapasuka. Mheshimiwa akacheka, akakumbatiana na Cecilia, wapiga picha wakasogea. Cecilia alikuwa amekwisha kupata pumzi yake. Alikuwa anamwonyesha mheshimiwa ule mkono mpya kwa kidole, anamweleza jambo, na mheshimiwa anatikisa kichwa kukubali.

Loisi aliinuka. Alipofika kwenye njia ya kutokea, meza ilikuwa imewekwa hapo, na kreti za soda nyuma yake, na Geofrey na karatasi yenye mistari.

"Mama, usisahau. Saini hapa upate soda na nauli yako."

Alichukua karatasi. Akasoma kichwa chake, akasoma tarehe, akasoma majina yaliyotangulia jina kwa jina, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Mstari wake ulikuwa umeshaandikwa jina, na kwenye nafasi ya kazi pameandikwa "kibarua." Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika.

"Mama, ni mahudhurio tu."

"Na ile ilikuwa mahudhurio tu."

Alichukua kalamu. Akapiga mstari mmoja juu ya neno lile, akaandika juu yake "mchoraji," neno lisilo na L hata moja ya kutiwa ule mkia wake mrefu. Nafasi ya sahihi aliiacha tupu.

"Bila sahihi sikupi, mama."

"Najua, mwanangu."

Alimrudishia kalamu yake, akaikaza stensili chini ya kwapa ndani ya khanga, akaanza safari ya Area D kwa miguu, kwenye jua la saa tisa, bila soda.